Mkopo wa nyumba wenye riba mbili: laki 2 ya ziada uiweke wapi, na utajuaje imeokoa kiasi gani

"Habari mtaalamu. Tuna mkopo wa nyumba, bado milioni 100 na miaka 20. Milioni 60 iko kwenye riba isiyobadilika ya 6% ambayo imebakiza miezi 30, milioni 40 iko kwenye riba inayobadilika, kwa sasa ni 7.2%. Rejesho la mwezi ni 429,859 kwa ile ya kwanza na 314,940 kwa ya pili. Tunaweza kuongeza laki 2 kila mwezi. Mwezi uliopita tulijaribu, benki ikaigawa 120,000 huku na 80,000 kule, halafu wakatukata ada 4,500. Kalkuleta moja ya mtandaoni inasema tutaokoa karibu milioni 30, nyingine inasema milioni 21 na nusu. Mume wangu anataka tupeleke yote kwenye ile milioni 60 kwa sababu ndo kubwa, ndo inayotumaliza. Rafiki yangu anasema miaka ya mwanzo benki inakula riba tu, kwa hiyo kulipa ziada sasa hivi ni kuwapa hela ya bure. Tuna pia milioni 4, ndo akiba yetu yote, tunafikiria tuitumbukize humo humo. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, kwanza asante kwa kuweka namba zote, manake wengi huniuliza "nilipe ziada au nisilipe" halafu hawasemi riba ni ngapi wala imebaki miezi mingapi, na hapo mtu anakujibu kwa kubahatisha tu. Wewe umeleta kila kitu hadi ile ada ya 4,500, na hiyo ada ndogo imenionyesha mengi, nitaifikia.

Nikisoma swali lako naona shida yako kubwa ni kwamba kila unayemuuliza ana jibu lake na kila kalkuleta ina namba yake, mpaka mtu unaanza kuhisi kuna anayekuficha kitu. Hakuna anayekudanganya hapo. Zile kalkuleta mbili zote zimepiga hesabu sawasawa, ila zimejibu maswali mawili tofauti, na hakuna hata moja iliyojibu swali lako.

Tuanze na rafiki yako, kwa sababu alichosema nakisikia karibu kila wiki na kinawagharimu watu sana. Ni kweli kwamba miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho inaishia kwenye riba. Lakini si kwamba benki imekaa ikapanga "tule riba kwanza, deni baadaye". Riba inahesabiwa kwenye deni lililopo siku ile, basi. Mwanzoni deni ni kubwa kwa hiyo riba ni kubwa, na kinachobaki kwenye rejesho baada ya riba kutoka ndo kinapunguza deni.

Angalia kile kipande cha milioni 40. 7.2% kwa mwaka ni 0.6% kwa mwezi. 0.6% ya milioni 40 ni 240,000. Mnalipa 314,940, ukitoa 240,000 inabaki 74,940, hiyo tu ndo inayopunguza deni mwezi huo. Inauma kuiona, najua. Sasa weka laki 2 juu yake. Riba ya mwezi huo imeshalipwa na rejesho la kawaida, kwa hiyo laki 2 yote, mpaka shilingi ya mwisho, inaingia kwenye deni lenyewe. Badala ya deni kupungua kwa 74,940 linapungua kwa 274,940, yaani zaidi ya mara tatu na nusu. Mwezi unaofuata deni linaanza 39,725,060 na riba yake ni 238,350, wakati bila ile laki 2 ingekuwa 239,550. Tofauti ni 1,200. Mtu anaweza kusema 1,200 ni nini, lakini hiyo 1,200 hurudi kila mwezi, na yenyewe nayo inageuka kuwa punguzo la deni, na punguzo linazaa punguzo lingine kwa miaka 20.

Ukiifuata mpaka mwisho, laki 2 moja tu unayolipa leo kwenye hicho kipande, riba ikibaki ilipo na rejesho likibaki lile lile, inafuta marejesho mawili na zaidi ya nusu kule mwishoni, karibu 836,000. Laki 2 hiyo hiyo ukiilipa ikiwa imebaki miaka 5, inafuta kama 286,000, haifikishi hata rejesho moja. Kwa hiyo rafiki yako ameiona hali vizuri ila ameitafsiri kinyume, manake miaka ya mwanzo ambayo riba ni nyingi ndo miaka ambayo ziada inafanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Haya, mume wako. Hoja yake kwamba milioni 60 ndo kubwa kwa hiyo ndo ipigwe kwanza inaingia akilini haraka, na kweli ile ndo inayolipiwa riba nyingi kwa mwezi, 300,000 dhidi ya 240,000. Lakini ukubwa wa deni hauna kazi kwenye uamuzi huu. Unapopeleka laki 2 mahali unafuta laki 2 ya deni, na kinachoamua umeokoa nini ni ile laki 2 ilikuwa inatozwa asilimia ngapi. Kwenye milioni 60 ilikuwa inatozwa 6%, kwenye milioni 40 inatozwa 7.2%. Laki 2 huku inakuokolea 12,000 kwa mwaka, kule 14,400. Hata kile cha 7.2% kingekuwa milioni 3 tu na kile cha 6% milioni 97, jibu lingekuwa lile lile mpaka hizo 3 ziishe.

Sasa zile kalkuleta. Ya kwanza, iliyokupa karibu milioni 30, naamini uliiwekea milioni 100 nzima na riba ya wastani, kama 6.48% hivi (60% ya 6 na 40% ya 7.2). Nimejaribu hivyo na kweli inatoa milioni 29.9. Kalkuleta ya namna hiyo haijui kwamba una vipande viwili, inaiona nyumba yako kama deni moja, na bila kukuambia inachukulia kwamba ziada yako inagawanywa kwenye vyote kwa uwiano wa 60 kwa 40. Yaani imehesabu kile kile ambacho benki ilikufanyia mwezi uliopita.

Ya pili uliiwekea milioni 40 peke yake na laki 2 juu. Hapo deni linaisha kwenye mwezi wa 105, miaka 8 na miezi 9, na akiba ya riba ni kama milioni 21.6. Ni sahihi, ila inasimama pale kipande kinapoisha. Haijui kwamba siku hiyo mtabaki na 514,940 kila mwezi ambayo haina tena pa kwenda (rejesho la 314,940 pamoja na ile laki 2), na kwamba mnaweza kuihamishia yote kwenye kipande kilichobaki. Kwa hiyo kulinganisha 30 na 21.6 ni kulinganisha mtu aliyelipa ziada miaka 13 na mtu aliyelipa ziada miaka 8 na miezi 9 akaacha. Lazima wa kwanza aonekane ameokoa zaidi, ametoa hela nyingi zaidi!

Ukitaka kulinganisha kwa haki, funga kitu kimoja: hela inayotoka mfukoni kila mwezi iwe ile ile mpaka siku ya mwisho. Kwenu ni 429,859 na 314,940 na 200,000, jumla 944,799. Nimepiga njia zote tatu kwa kiasi hicho, riba zikibaki zilivyo, bila ada yoyote. Msipolipa ziada kabisa, kwa miaka 20 mtakuwa mmelipa jumla milioni 178.75. Mkipeleka yote kwenye kile cha 7.2% kwanza halafu kikiisha mkahamia kingine, mnalipa jumla kama milioni 146.9 na mnamaliza kwenye mwezi wa 156. Mkigawa 60 kwa 40 ni milioni 148.7, mwezi wa 158. Mkifuata njia ya mume wako ni milioni 150.3, mwezi wa 160.

Hebu zitazame hizo namba kwa utulivu. Kati ya njia bora na njia mbaya kuna milioni 3.4, na hizo si hela ndogo. Lakini hata ile njia mbaya inaokoa milioni 28 na zaidi. Nalisema hili kwa sababu nimeona wenza wakigombana miezi sita ni kipande gani kianze, na miezi yote sita hawajalipa ziada hata senti. Kama wewe na mume wako mmekwama hapo, lipeni popote wakati mnaendelea kujadiliana. Mume wako hajakosea kutaka kulipa, amekosea kidogo mahali tu.

Tena hizo hesabu zimechukulia riba ya 7.2% haitaguswa miaka yote, na ile ya 6% itaendelea hata baada ya miezi 30, na wote tunajua haitakuwa hivyo. Kwa hiyo ule mpangilio, ipi ianze na ipi ifuate, uamini zaidi kuliko zile milioni zenyewe.

Tuje kwenye ada ya 4,500, ambayo naona wewe uliiandika kama jambo dogo tu la pembeni. Chukua 4,500 gawanya kwa ile 120,000 iliyokwenda kwenye kipande kilichofungwa riba, unapata 3.75%. Hicho kipande kimebakiza miezi 30, yaani miaka miwili na nusu. 3.75 gawanya kwa 2.5 unapata 1.5. Namba imekaa vizuri mno kuwa bahati. Inaonekana benki yenu inatoza tofauti kati ya riba mliyofungia na riba ambayo wao wangeipata leo wakiikopesha tena hiyo hela kwa muda uliobaki. Nyie mko 6%, wao wanaona soko liko 4.5%, tofauti 1.5%, kwa miaka 2.5, kwa kila shilingi mnayorudisha kabla ya wakati.

Kwa nini wanafanya hivyo? Benki inapokuahidi riba isiyobadilika, huwa na yenyewe imeshajifunga upande wa pili, imechukua hela au imeingia mkataba kwa bei ya siku ile na kwa muda ule ule. Ukirudisha mapema wakati riba za soko zimeshuka, wao bado wanadaiwa ile bei ya zamani, na pengo hilo wanakuletea wewe. Riba za soko zikiwa zimepanda, pengo linaweza kuwa sifuri, wakati mwingine mtu anavunja bila kutozwa kitu. Ndo maana jirani anaweza kukuambia "mimi nililipa mapema sikukatwa hata kumi" na akawa anasema kweli. Benki nyingine hazitumii njia hii, zinatoza asilimia ya kiasi unacholipa tu, na nyingine zinaruhusu sehemu fulani kila mwaka bila ada, mara nyingi 10% ya deni. Ya kwenu imeandikwa kwenye mkataba, tafuta kipengele cha kulipa kabla ya muda. Mimi nimepiga kinyumenyume kutoka kwenye 4,500, wao wakupe kanuni yenyewe kwa maandishi.

Kwa ile 120,000 basi, kwa miezi 30 hiyo, mmepoteza mara mbili. Mmelipa ada 4,500, na mmeokoa riba kwa 6% badala ya 7.2%, tofauti kama 3,600. Jumla 8,100 kwenye 120,000. Mkiendelea kugawiwa hivyo kila mwezi kwa miezi 30, ada peke yake, soko likibaki lilivyo, itafika kama 70,000. Haitawafilisi. Ila ni hela mnayoizuia kwa barua moja.

Na hiyo barua ndo kitu ninachotaka ukifanye wiki hii. Benki iligawa kwa sababu hamkuiambia isigawe. Mifumo yao mingi ikipokea hela isiyo na maelekezo hufanya moja kati ya mambo matatu: inagawa kwa uwiano, au inaiweka kama malipo ya awali ya rejesho lijalo, au inaiacha tu kwenye akaunti ya kupokelea mpaka mtu aulize. La pili ndo baya kuliko yote kwa sababu halionekani. Nimewahi kukaa na mama mmoja tukapitia stetimenti zake za miezi 14, amekuwa akiweka ziada kila mwezi kwa moyo mmoja, na kila mwezi mfumo ulikuwa unachukua ile ziada na kukata rejesho dogo mwezi unaofuata. Deni lake lilikuwa pale pale ambapo lingekuwa bila ziada. Benki walirekebisha baadaye, ila miezi ile ilikuwa imepita.

Kwa hiyo andikeni: kiasi fulani, kiende kwenye akaunti namba fulani ya mkopo yenye riba inayobadilika, kipunguze deni la msingi, kisihesabiwe kama rejesho la mwezi ujao, na rejesho la mwezi libaki lile lile. Hayo maneno ya mwisho, "rejesho libaki lile lile", watu huyaruka na yana uzito kuliko hata suala la kipande gani.

Nikuonyeshe kwa nini. Tuseme siku moja mmepata milioni 4 mkaiweka kwenye kile cha milioni 40. Benki ikipiga upya rejesho ili muda ubaki miaka 20, mtaanza kulipa 283,446 badala ya 314,940. Mtafurahi, kila mwezi kuna 31,494 imebaki mfukoni. Kwa miaka 20 riba mliyookoa ni kama milioni 3.56. Sasa rejesho likibaki 314,940 na muda ndo ukafupishwa, mnamaliza kwenye mwezi wa 194 badala ya 240, na riba mliyookoa ni kama milioni 10.6. Hela ile ile, siku ile ile, kipande kile kile. Tofauti imetokea kwenye kisanduku kimoja cha fomu. Sisemi kupunguza rejesho ni kosa, maana mtu ambaye kipato chake kinayumba au anategemea mtoto wa tatu anaweza kuuhitaji huo unafuu kila mwezi kuliko kumaliza mapema, na huo ni uamuzi wa maana kabisa. Nasema uamue wewe, usiamuliwe na mfumo.

Kuhusu kupiga hesabu mwenyewe, huhitaji kalkuleta ya mtandaoni, fungua Excel au hata daftari. Kila kipande kiwe na karatasi yake. Mstari mmoja kwa mwezi: deni la mwanzo, riba (deni mara 0.6% au mara 0.5%), rejesho, ziada, deni la mwisho, ambalo ni deni la mwanzo jumlisha riba toa rejesho toa ziada. Deni la mwisho la mwezi huu ndo deni la mwanzo la mwezi ujao, unaburuta chini mpaka lifike sifuri. Kwenye karatasi ya milioni 60, ukifika mwezi wa 106, weka 514,940 kwenye safu ya ziada. Riba ikibadilika, badilisha asilimia kuanzia mwezi huo kwenda chini tu, usiguse ya nyuma. Ukimaliza, jumlisha safu ya riba kwenye karatasi zote mbili, halafu rudia na ziada ikiwa sifuri. Ukitoa moja kwa nyingine ndo akiba yenu halisi.

Usishtuke namba zako zikipishana kidogo na za benki. Nyingi huhesabu riba kwa siku, kwa hiyo mwezi wa siku 31 kwenye milioni 40 utaona 244,603, na wa siku 28 utaona 220,932, wakati mimi nimetumia 240,000 kila mwezi. Mwisho wa mwaka zinakaribiana. Ila kama benki yenu inahesabu riba mara moja tu kwa mwaka, ulizeni, kwa sababu hapo ziada ya mwezi wa pili inaweza kukaa bila kufanya kazi mpaka siku ya hesabu, na ingekuwa bora kuikusanya mahali inapozaa kidogo kisha kuilipa siku chache kabla.

Kuna sababu nyingine ya kuanza na kile cha riba inayobadilika ambayo haionekani kwenye hizo milioni 3.4. Ndo kipande kinachoweza kuwageuka. Tuseme riba yake ipande mpaka 8.4%. Riba ya mwezi kwenye milioni 40 inakuwa 280,000. Benki isipoongeza rejesho, kwenye 314,940 inabaki 34,940 tu ya kupunguza deni, na miaka 20 inageuka zaidi ya 26 bila mtu kuwaambia lolote. Wakiongeza rejesho, mtaisikia kwenye mshahara. Mkiwa mmelipa laki 2 kwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, deni litakuwa kama milioni 36.59 badala ya 39.07, na pigo la riba linapungua kwa zaidi ya 17,000 kila mwezi.

Kile kipande kingine kinawasubiri kwenye mwezi wa 30. Siku ambayo muda wa riba isiyobadilika unaisha kwa kawaida kuna kidirisha kifupi ambacho mnaweza kupunguza kiasi chochote bila ada, au kufunga tena, au kugawa vipande upya. Weka alarm kwenye simu miezi mitatu kabla. Ukikaa kimya benki huihamishia kwenye riba yao ya kawaida, na hiyo mara chache huwa nafuu. Siku hiyo rudia swali lote upya, inawezekana kabisa kipande kilichokuwa 6% ndo kikawa cha bei kuliko kile kingine, na hapo ziada inahama.

Nimeiacha milioni 4 mwisho kwa makusudi. Umesema ndo akiba yenu yote. Naomba msiiweke. Najua nimetoka kukuonyesha milioni 10.6 na najua inavuta, lakini hela ikishaingia kwenye deni la nyumba huwezi kwenda kuiomba kesho kwa sababu mtoto amelazwa, isipokuwa mkataba wenu unaruhusu kuchota tena, na hilo muulize. Marejesho yenu ni 744,799 kwa mwezi, milioni 4 ni miezi mitano na siku kadhaa ya marejesho peke yake, kabla hujala wala kulipa umeme. Mmoja wenu akipoteza kazi mwezi ujao, hiyo ndo inayowaweka ndani ya nyumba. Benki haitasema "hawa walilipa ziada mwaka jana, tuwasubiri". Gharama ya kuibakiza unaweza kuipima: kwa 7.2% mngeokoa 288,000 kwa mwaka, akaunti ya akiba ikiwapa tuseme 3% mnapata 120,000, kwa hiyo mnalipa kama 14,000 kwa mwezi ili mlale. Mimi ningeilipa hiyo 14,000. Bonasi itakayokuja baada ya hapo, hiyo ndo muitumbukize.

Na kama kuna deni lingine, kadi au mkopo wa simu au wa kikundi, lenye riba kubwa kuliko 7.2%, ile laki 2 ianzie huko kabla ya yote niliyoandika. Pia kama nchi mnayoishi inawapunguzia kodi kwa riba ya nyumba, riba yenu halisi ni ndogo kuliko inavyoonekana, faida ya kulipa ziada nayo inapungua kidogo, pigeni hesabu na hilo.

Mambo ambayo siwezi kuwamalizia kutoka hapa ni machache. Kabla ya kugusa kile cha 6% kwa kiasi chochote kikubwa nendeni tawini, mkae na afisa mikopo, aandike ada itakuwa kiasi gani siku ile na hiyo bei inadumu siku ngapi, maana hubadilika soko likibadilika. Mkishaona mnaanza kuchelewa rejesho, acheni ziada mara moja na muende benki kabla ya tarehe ya rejesho, si baada, kwa sababu mtu ambaye bado hajachelewa anapewa chaguo nyingi zaidi. Na ule mwezi wa 30, mkiletewa mkataba mpya wa kusaini, tafuteni mshauri wa mikopo asiyelipwa na benki hiyo au wakili ausome kwanza.

Kuhusu ile 120,000 ya mwezi uliopita, waombe waihamishe na warudishe 4,500. Hawalazimiki kukubali kama mkataba unawaruhusu kugawa, lakini ni mwezi mmoja tu umepita na hamkutoa maelekezo, nimeona ikikubaliwa mara kadhaa mteja akiuliza kwa upole na kwa maandishi. Halafu stetimenti ya mwezi ujao ikija, usitazame rejesho, tazama mstari wa deni lililobaki kwenye kile cha milioni 40. Kama lilianza 40,000,000 na limeshuka kwa karibu 275,000, wamekuelewa. Kama limeshuka kwa karibu 75,000, laki 2 yenu imekaa mahali kwingine, piga simu siku hiyo hiyo.